Antivairasi kwa kompyuta ya nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ulipie, ipi uachane nayo

Kabla hujatoa hata shilingi hakikisha kwanza mashine imeshikwa kweli, maana kompyuta nzito siyo lazima iwe na virusi, mara nyingi ni RAM ndogo au diski imechoka. Dalili zenyewe ni brauza kukupeleka ukurasa wa kutafuta ambao hukuuweka wewe, matangazo kuchomoza pembeni hata kama hujafungua kitu, bando kuisha kimiujiza, feni kuvuma wakati hakuna unachofanya, na ile mbaya kuliko zote: antivairasi imezimwa na ukiiwasha inagoma.

Halafu kuna ile ya flashi ambayo huku kila mtu imeshampata. Umetoka steshenari kuprinti, ukifika nyumbani unachomeka flashi unakuta shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe, ukubwa KB 1 au 2. Ukibofya, mafaili yako yanafunguka kama kawaida, ndo maana watu hawashtuki, kumbe kwa kubofya pale umeshakifungulia kirusi mlango na kuanzia sasa kila flashi itakayochomekwa kwenye hiyo kompyuta inaondoka nacho. Mafaili hayajafutika jamani, yamefichwa. Usifomati!

Sasa tuje kwenye kununua. Namba moja kwangu ni Microsoft Defender, na hiyo hununui, imo ndani ya Windows 10 na 11. Najua wengi mnaidharau kwa sababu ni ya bure, na zamani kweli ilikuwa dhaifu, ila miaka ya karibuni kwenye majaribio ya AV-TEST ya Ujerumani imekuwa ikipata alama za juu pamoja na hizo za kulipia. Kitu ambacho wengi hawakijui ni skani yake ya ofulaini: iapdeti kwanza, hifadhi kazi zako, ingia Windows Security, kisha Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya offline scan. Mashine itajizima na kuwaka, itaskani kabla Windows haijaamka vizuri, kwa hiyo kirusi kinakutwa kimelala, na kazi yote ni kama dakika 15 hivi. Ikimaliza ndo unachomeka flashi, unaiskani, unafuta ile shotikati, unafungua cmd (Command Prompt, dirisha jeusi la kuandikia amri) na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E weka herufi ya flashi yako). Mara nyingi litatokea folda lisilo na jina, ingia humo, mafaili yako yote yapo.

Kwa wa Windows 10, sapoti yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Defender bado itaendelea kuletewa orodha mpya za virusi mpaka Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena kama zamani, na hakuna antivairasi ya dukani inayoweza kuyaziba, kwa hiyo kama mashine yako inabeba Windows 11, hamia.

Namba mbili ni Malwarebytes, ile ya bure. Siku za trayo (kujaribu bure) zikiisha inaacha kulinda lakini kuskani na kusafisha bado inafanya, na hiyo inatosha, kwa sababu kazi yake hapa ni kupita nyuma ya Defender na kuokota takataka za matangazo na ekstenshen za ajabu kwenye brauza. Hizi mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Kama lazima ulipie, labda nyumba ina watoto wanaobofya kila kitu, chukua ESET NOD32 ya Slovakia, ni nyepesi, mashine ya RAM GB 4 inaimudu. Inayofuata ni Bitdefender ya Romania, inakamata vizuri sana ila kwenye mashine dhaifu utaisikia uzito. Kaspersky nayo kwa kukamata virusi sina ugomvi nayo, lakini Marekani ilipiga marufuku isiuzwe kule mwaka 2024 na apdeti zikakatwa Septemba mwaka huohuo, kwa hiyo usimnunulie ndugu yako aliyeko huko. Avast naiweka chini kabisa: Februari 2024 serikali ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kuvinjari za wateja wake, na antivairasi ya AVG ni ya hao hao. Mimi siwezi kumlipa mlinzi wa hivyo.

Na ile trayo ya McAfee au Norton inayokuja na laptopu mpya, ikiisha muda ifute kabisa, isikae pale imekufa huku unadhani unalindwa.

Antivairasi ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa leseni, haimo hata kwenye orodha. Ndugu zangu, programu ya kwanza kukwambia uzime antivairasi ndipo iingie unaiaminije? Mwaka 2021 watafiti walikuta KMSPico za mtandaoni, zile za kuamshia (activate) Windows bila leseni, zimefungashwa na kirusi CryptBot kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Fundi akikupigia Windows muulize ameiamsha na nini.

Ukinunua leseni dukani, iwe Kariakoo au Luthuli, kwangua namba ya leseni wewe mwenyewe na uiamshie palepale kabla hujaondoka, uone imeandika siku ngapi na vifaa vingapi, kwa sababu kuna wauzaji wanaochukua leseni ya vifaa vitano wakawagawia watu watano kila mmoja kwa bei kamili. Ukilipa kwa kadi mtandaoni zima ile ya kujirudia yenyewe, la sivyo mwakani watakata tena.

Ukiamua kubaki na Defender, hela uliyookoa ongezea ununue diski ya nje ya TB 1, nakili picha na nyaraka zako humo, halafu ichomoe. Ikibaki imechomekwa, siku kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kikiingia kitaifunga nayo.