Mtego wa nondo wa mahindi: nilivyonyunyiza dawa bure

Niliununua mjini Malindi mwezi wa Aprili, mahindi yangu ya Kakuyuni yakiwa yamefika magotini. Ni ule wa ndoo: kifuniko cha kijani, faneli ya njano, na juu chambo kidogo chenye harufu ya nondo jike anayezaa kiwavijeshi vamizi, yule mla mahindi. Dume akiinusa hudhani ameitwa, anatumbukia. Tangu mdudu huyu aonekane Kenya mwaka 2017 sijalala usingizi msimu hata mmoja, kwa hiyo bei sikubishana.

Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, ukiona nondo ndani ya ndoo, jua ndio hao. Nyunyiza tu." Asubuhi ya tatu nikakuta 37. Nikanyunyiza shamba zima, mgongo ukaniuma wiki nzima.

Kumbe! Mpwa wangu aliyesomea kilimo alipokuja, akawamwaga waliokuwemo juu ya karatasi nyeupe na kuwatenga mafungu mawili. Wote wa rangi ya vumbi, kimo kimoja, mbawa za nyuma nyeupe zinazong'aa. Mimi ningeapa ni wa tumbo moja. "Tazama mbawa za mbele, shangazi." Dume wa vamizi ana mabaka ya kahawia na kijivu, doa lenye umbo la yai lililolala mshazari katikati, na baka jeupe karibu na ncha. Fungu la pili lilikuwa rangi ya nyasi kavu, lina michirizi myembamba ya kwenda urefu na kitone kimoja cheupe. Hao ni nondo wa aina nyingine, Leucania loreyi. Nao viwavi wao hula nafaka, lakini si adui niliyemnunulia dawa; chambo huwavuta tu. Vamizi walikuwa tisa. Tisa!

Ndoo yenyewe siilaumu, imestahimili jua na mvua. Lawama yangu ni karatasi ya maelezo: picha moja, tena ya jike, ambaye mbawa zake hazina hata hayo mabaka na chambo hakimhusu. Nililinganisha nini na nini?

Ukiununua, ukague kila asubuhi. Nondo wakikaa siku mbili tatu hupapatika humo, unga wa mbawa unatoka, na hapo hata mpwa wangu hawezi kuwatenga. Halafu ingia shambani, chungulia moyo wa mhindi, mashina kumi mahali patano tofauti. Kiwavi mwenye Y iliyopinduliwa kichwani na nukta nne za mraba karibu na mkia, huyo hana ubishi. Juzi ndoo ilijaa, lakini mashina yaliyoliwa yalikuwa mawili kati ya 50. Dawa ikabaki stoo.

Chambo cha akiba kinatakiwa baridi, nami friji sina. Kipo kwa jirani muuza samaki, ndani ya nailoni tatu, na kila nikipita ananiuliza nitakiondoa lini kwenye changu zake.