Kubadilisha pampu ya stelingi ya Carina hapa Mtwara: nilichopata kwa laki mbili na elfu kumi

Haya nawaandikia wenye Toyota za miaka ya tisini, Carina, Corona, Corolla, ambao gari linatoa moshi na stelingi inalia kwa wakati mmoja. Kabla hujakubali mtu afungue injini yako, soma kwanza. Wenye IST, Passo na Vitz hayawahusu, stelingi zenu zinasukumwa na mota ya umeme, hazina pampu wala haidroliki, yaani mafuta ya stelingi.

Mimi ni mtu wa minadani. Napakia vitenge na madera kwenye Carina TI, naelekea Nanyamba, Tandahimba, wakati mwingine Newala. Gari lilianza kuvuma nikikata kona kwa mwendo mdogo, sauti inapanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Kuliegesha pale sokoni ikawa kazi ya mabega. Halafu ukiliwasha, nyuma unatoka moshi mweupe mzito mpaka majirani wanakohoa kwa makusudi. Na haidroliki inapungua kwenye kikopo chake, ila ukichungulia chini ya gari ni pakavu, hakuna hata tone.

Fundi wa kwanza aliutazama moshi tu, akasema, "Mama, hizo ringi za pistoni zimekwisha, tafuta injini." Wa pili akanitajia reki mpya, ile sehemu ya chini inayogeuza magurudumu, kwa laki nne na nusu kabla hata hajainama. Hili linanikera kuliko ubovu wenyewe: mtu anakutajia spea kabla hajashika chochote, akibahatisha hela ni yako, asipobahatisha hela bado ni yako.

Gereji ninayoisifia ni ya chini ya mkorosho, upande wa barabara ya kwenda Mikindani, haina kibao. Fundi ni kijana, mpole, hana maneno mengi. Alichofanya kwanza ni kuniambia niwashe gari, akamwagia mkanda maji kidogo kwa chupa. Mkanda ukiwa ndio unaolia, sauti hubadilika au hukatika palepale. Wangu haukubadilika. Akafungua kikopo cha haidroliki huku mimi nazungusha usukani: povu tupu, rangi ya kahawia, harufu ya kuungua. Povu maana yake pampu inavuta hewa. Akaingia chini, akalegeza vibano vya ile mipira ya pembeni mwa reki, kushoto na kulia, akaniita nipapase ndani kwa kidole changu mwenyewe. Pakavu. Reki ingekuwa inavuja, haidroliki ingekuwa imejikusanya humo.

Sasa haidroliki inakwenda wapi? Pampu nyingi za Toyota za wakati huo zina valvu ndogo ubavuni, yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo unapokata usukani gari likiwa limesimama, injini isije ikazimika kwa mzigo wa pampu. Ikichoka ndani, injini inaifyonza haidroliki kupitia mpira huo na kuichoma. Ndiyo maana chini hapadondoki kitu. Kijana akachomoa mpira mmoja, akaukamua kwenye kiganja. Yakatoka matone mekundu yaliyofifia kuelekea weusi. Hakuniambia neno, alinionyesha kiganja tu.

Hakuishia hapo. Aliziba njia zote mbili za mipira ile, akaongeza haidroliki, tukatoka naye kuelekea Mikindani. Mwanzo moshi ulikuwa uleule, maana iliyokwisha kuingia lazima iungue. Ukaanza kupungua, na wakati tunageuza kurudi ulikuwa umekatika. Ringi zangu zilipona bila kuguswa.

Kuvuma kulibaki. Pampu ilikuwa imefanya kazi na haidroliki pungufu muda mrefu, imejikwangua ndani. Akatoa mkanda, akaishika pulei na kuitikisa: shafti inacheza. Nilimuuliza kama tunaweza kubadilisha sili, yaani mpira wa kuzuia kuvuja, peke yake. Akanijibu kwamba sili zinapatikana, lakini shafti ikishacheza, sili mpya itakatika tena na mimi nitarudi kumlaumu yeye.

Pampu nzima ya injini yangu sikuipata hapa mjini. Nilizoonyeshwa zilikuwa na pulei ya mkanda wa aina nyingine. Tukatuma picha kwa WhatsApp kwa muuzaji wa spea za mtumba Dar es Salaam, mzigo ukapakiwa kwenye basi. Mvua za 2024 zilipokata barabara ya Dar kule Somanga tulikuwa tunasubiri vitu mpaka tunasahau tuliagiza nini, ila safari hii ulifika salama. Salama kwa maana ya kufika: pampu ilikuja matundu yakiwa wazi, imeviringishwa gazeti ndani ya mfuko wa salfeti, na mchanga umeshaingia mlangoni mwa bomba. Muuzaji alikumbuka kuipiga alama ya rangi ili asirudishiwe nyingine, lakini kuziba matundu akaona si kazi yake. Ukiagiza, mwambie azibe, na mwambie apige picha ya pulei kwa mbele uhesabu mifereji ya mkanda.

Kufunga ndiko kulikokula muda. Boliti zilishikwa na kutu, hewa ya bahari hii haiachi chuma. Kijana aliisuuza pampu kwa haidroliki safi akiizungusha kwa mkono mpaka ikatoka bila mchanga, akaweka washa mpya (pete ya kuzuia kuvuja) kwenye bomba la presha. Kisha akafanya jambo ambalo ningelipia hata peke yake: alitoa kikopo na kukimulika kwa tochi ya simu. Chini kuna chujio la wavu, na lote lilikuwa limezibwa na tope jeusi la mpira uliosagika. Pampu mpya ingevuta kupitia tope lile ingekufa kama mwenzake. Akakiosha kwa petroli na kukipuliza kwa kompresa mpaka mwanga ukapita.

Haidroliki ya zamani aliitoa yote kupitia mpira wa kurudishia, kwenye chupa ya maji. Mpya ilikuwa Dexron III, maana kifuniko chenyewe kimeandikwa Dexron II au III. Asikuongezee mtu oili ya breki kwa kisingizio kwamba zote ni maji ya gari, inaharibu sili. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, injini ikiwa imezimwa, akazungusha usukani polepole mwisho kwa mwisho, anaongeza, anazungusha tena, hadi povu likaisha. Ndipo akawasha. Alinionya nisiukandamize usukani mwisho wa kona na kuushikilia pale, presha inapanda sana na pampu inachemka.

Hesabu: pampu 130,000, basi 10,000, haidroliki lita mbili 30,000, ufundi 40,000. Nimeshakwenda nalo Tandahimba likiwa na mzigo kamili, usukani mwepesi, kimya, kikopo hakijashuka.

Kasoro zipo. Aliniambia asubuhi, akaanza mchana. Hana benchi la mteja, unakaa kwenye tairi na kivuli kinakuhama. Simu hupokea akitaka. Risiti ukiihitaji mwambie mapema, kitabu anakiacha nyumbani.