Gololi za kioo za mkono: anza na ipi, iache ipi

Anayetafuta gololi ya kioo iliyotengenezwa kwa mkono atakutana sokoni na makundi kama sita, na wauzaji wengi huyachanganya, kwa kutojua au kwa makusudi. Nimeyapanga hapa kwa jinsi ninavyomshauri mtu anayeanza kukusanya. Kigezo changu kikubwa ni hali ya kioo, umri unafuata baadaye. Gololi ya mwaka jana iliyo safi naichukua mbele ya ile ya miaka mia na ushee iliyokwisha kusuguliwa na mashine.

Ya kwanza: msokoto wa Kijerumani

Hii ndiyo ningependa kila mkusanyaji aanze nayo. Lauscha ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Thuringia, Ujerumani, na kazi ya kioo ilianza pale mwaka 1597. Katika miaka ya 1840, fundi wa ukoo wa Greiner alibuni mkasi wa pekee: upande mmoja una kikombe kidogo, upande wa pili una makali. Mafundi walivuta fimbo ndefu ya kioo yenye nyuzi za rangi ndani yake, wakapasha ncha moto, wakaiingiza kwenye kikombe, wakaizungusha mpaka ikawa mviringo, kisha wakaikata. Gololi hizo zilisafirishwa kwa wingi, hasa kwenda Marekani, hadi vita vya 1914 vilipokata biashara.

Kwa kuwa ilikatwa kutoka kwenye fimbo, gololi hii ina kovu kila upande. Ishike kwa vidole viwili kwenye makovu hayo, uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Katikati utaona wavu mwembamba wa nyuzi, mara nyingi nyeupe, ukijisokota kutoka kovu moja hadi lingine. Karibu na uso kuna mikanda ya rangi, nyekundu na kijani, bluu na nyeupe, inayofuata msokoto uleule. Izungushe taratibu: mahali fulani mkanda utakuwa mpana, pengine umekatika, pengine nafasi kati ya uzi na uzi imelegea. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana, na ndiyo sababu hutapata mbili zinazolingana. Kovu lenyewe liguse kwa ukucha. Linatakiwa likwaruze kidogo, au liwe limesagwa kwa mikato midogo bapa.

Ukubwa wa kawaida ni milimita 14 hadi 20, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi sana, zile ndogo zenye wavu mweupe bado zinapatikana kwa makumi ya dola, si mamia. Wavu wa njano unafuata kwa wingi. Mwekundu, wa kijani na wa bluu ni adimu, na bei yake hupanda kwa haki. Mikwaruzo midogo isikutishe, maana hizi zilichezewa na watoto. Kitu cha kuogopa ni alama zinazofanana na hilali chini ya uso wa kioo. Huo ni ufa uliotokana na kugongwa, na hauondoki.

Ya pili: kazi ya fundi aliye hai

Mwaka 1962, Harvey Littleton aliendesha warsha huko Toledo, Ohio, zilizoonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuyeyusha kioo kwenye karakana yake bila kiwanda. Matunda yake ni mafundi wengi wa leo, akiwemo Josh Simpson wa Massachusetts, ambaye tangu mwaka 1976 anatengeneza tufe zinazofanana na sayari zenye bahari na mabara ndani yake. Si lazima uanze na jina kubwa kama hilo. Wapo mafundi wadogo wanaouza gololi nzuri sana kwa bei ya kawaida, na fedha inakwenda moja kwa moja kwa aliyeungua mikono. Kwangu hilo lina uzito.

Muulize fundi mambo matatu: ametumia kioo gani, amekipoza kwenye tanuri, na je, ameweka saini. La pili ndilo zito. Kioo kilichopoa haraka hubaki na mkazo ndani, na gololi inaweza kupasuka yenyewe kabatini baada ya miezi. Unaweza kuipima nyumbani. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao, ugeuze kichwa mpaka skrini iwe giza. Kisha weka gololi katikati ya skrini na miwani. Iliyopozwa vizuri itabaki giza au karibu na giza. Yenye mkazo itawaka madoa ya mwanga kuzunguka rangi zake. Hiyo irudishe.

Ya tatu: nusu mkono, nusu mashine

Martin F. Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine yake ya kuviringisha gololi mwaka 1905. Kioo kilichotwa kwa mkono, kikakatwa, mashine ikamalizia mviringo. Utazitambua kwa rangi moja iliyochanganyika na nyeupe, na kwa mchoro unaofanana na tarakimu 9 upande mmoja. Kampuni yake ilifungwa mwaka 1917. Ni ununuzi mzuri kwa anayependa historia ya viwanda. Mimi huziweka chini ya za Lauscha kwa sababu ndani yake hakuna mengi ya kutazama.

Ya nne na ya tano: subiri kwanza

Zipo gololi kubwa zenye sanamu ndogo ya fedha-fedha ndani, kondoo, mbwa au ndege. Sanamu yenyewe haina fedha. Mng'ao huo unatokana na hewa nyembamba iliyonaswa kati ya sanamu na kioo. Zinavutia, lakini kwa ukubwa wao zimegongwa sana, nyingi zimesuguliwa upya, na za kuiga zimejaa. Ukiona yenye kioo cha rangi, au sanamu yenye rangi zaidi ya moja, kwa bei nafuu, ipite.

Halafu kuna zile zenye mikanda ya chembe za shaba zinazometa kama dhahabu, ziitwazo Lutz. Kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa kazi ya Nicholas Lutz, fundi wa Sandwich, Massachusetts, kumbe ni za Kijerumani. Ni nzuri kuliko zote nilizozitaja. Nimezishusha mpaka hapa kwa sababu bei yake haimsamehi anayejifunza. Nunua ukishazoea kutambua kovu, na kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Ya mwisho: mtungi wa mchanganyiko

Mtungi wa "gololi za kale" usiochambuliwa huwa umeshachambuliwa na wengine kabla yako. Humo utakuta gololi za kijani hafifu, wazi kabisa, zisizo na nyuzi. Nyingi zilitoka kwenye chupa za soda za Hiram Codd, aliyepata hataza yake mwaka 1872. Gesi ya kinywaji iliisukuma gololi ikaziba mdomo wa chupa, na watoto walizivunja chupa ili waipate. Ina historia yake, ila isiuzwe kwa bei ya Lauscha.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe

Fedha yako ya kwanza iende kwenye tanuri dogo lenye kidhibiti cha joto, kabla ya kichomeo kizuri. Kioo laini hutaka kutulizwa kwenye nyuzi joto karibu 500 za Selsiasi, kisha kushushwa polepole. Baada ya hapo nunua kichomeo cha gesi na oksijeni, kibia cha grafaiti cha kuviringishia, na miwani ya didimiamu, ambayo huzuia mwako wa njano wa sodiamu usikufiche kazi yako. Usichanganye aina za kioo. Kioo laini cha Murano hutanuka kwa kipimo cha 104, kile kigumu cha maabara kwa 33. Ukiviunganisha, vitaachana vikipoa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ukatazame moto kwa macho yako. Karakana ya Shanga ya Arusha na ile ya Kitengela Glass nje ya Nairobi huyeyusha kioo kilichokwisha kutumika, na wageni hupokewa. Simama karibu na tanuri kwa muda, uone kama joto lile unaliweza.

Ukinunua mtandaoni, omba picha nne: kila kovu peke yake, ubavu, na gololi ikiwa imemulikwa kwa nyuma. Kovu likiwa limefutika na uso ukiteleza kama mpya, imesuguliwa, na bei ishuke sana. Muuzaji akikataa kupiga picha za makovu, achana naye. Ikifika, usiiweke dirishani penye jua, maana tufe la kioo hukusanya miale na linaweza kuunguza pazia au meza.