Mustang, Camaro au Cougar? Mwongozo wa kununua gari kuukuu la Kimarekani la kufufua

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza injini. Anza na bati. Injini ya V8 ya Ford au Chevrolet ya miaka ya 1960 hufunguliwa, ikatiwa ringi na beringi mpya, ikarudi barabarani, na spea zake zinauzwa hadi leo. Bodi iliyooza ndiyo inayofilisi. Magari haya hayana chasisi (fremu) kamili ya peke yake: sakafu, vizingiti vya milango na mihimili ya chini ndivyo vinavyobeba gari zima. Gari lililokufa injini lakini lenye sakafu nzima ni ununuzi bora kuliko linalonguruma vizuri huku zulia limefunika matobo.

Uliza pia limeishi wapi. La Arizona litakuwa na dashibodi iliyopasuka na viti vilivyokauka, lakini bati lake huwa zima. La Michigan au Ohio limepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, na aliyekulia Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwa chuma.

1. Ford Mustang, 1965–1966. Kwa mradi wa kwanza hakuna linaloikaribia. Ilizinduliwa Aprili 1964, ikauzwa zaidi ya milioni moja ndani ya miaka miwili, na ndiyo iliyoyapa magari ya aina hii jina la farasi, "pony car" kwa Kiingereza. Karibu kila kipande cha bodi kinatengenezwa upya. Chagua ya milango miwili yenye paa la bati. Ile ya turubai hutegemea zaidi vizingiti na sakafu, na ukikata sakafu bila kuweka mihimili ya muda mlangoni, bodi hujikunja.

Ugonjwa wake mkubwa uko chini ya matundu ya hewa mbele ya kioo. Majani hujaa humo, maji yakatuama, bati likaoza mahali usipopaona. Inua zulia pande zote mbili, mimina jagi la maji taratibu kwenye matundu hayo, kisha lala chini ya dashibodi na tochi. Maji yanapaswa kutokea chini ya gari, nje. Yakidondoka sakafuni ndani, kuna kazi ya kung'oa mabawa ya mbele (bati za juu ya magurudumu) na boneti, mara nyingi na kioo, kisha kutoboa pointi za welding moja moja. Punguza bei au ondoka.

Fungua boneti utazame minara inayoshika springi za mbele. Nyufa huanzia pale mkono wa juu wa sapensheni unapofungwa, na kiraka cha welding hapo ni dalili kwamba tatizo lilishaanza.

Halafu hesabu nati za magurudumu. Zilizotoka kiwandani na silinda sita zina nati nne, za V8 zina tano. Ukikuta V8 juu ya nati nne, mtu amebadilisha injini akaacha breki, ekseli na viungo vya stelingi vya gari jepesi. Alama ya tano ya namba ya chasisi, ukihesabu tarakimu na herufi pamoja, hukata ubishi: T ni silinda sita, C, A na K ni V8 za inchi za ujazo 289. Isome iliyogongwa kwenye bati la ndani la bawa la kushoto, kwa sababu kibati cha mlangoni mtu anaweza kununua kipya.

2. Chevrolet Camaro, 1967–1969. Spea ni tele kama za Mustang, bei ya kuingilia ni kubwa zaidi. Fremu ya mbele imefungwa kwa boliti juu ya bushi za mpira, hivyo injini na sapensheni hushuka pamoja. Ila boliti hizo hushikana na kutu na kukatika. Zilowanishe mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla. Kagua chini ya kioo cha nyuma na sakafu ya buti. Namba ya chasisi ikianza na 124 ilikuwa V8, 123 silinda sita, lakini haisemi kama ni SS au Z/28, matoleo yake ya nguvu zaidi. Usilipe bei ya Z/28 kwa sababu ya mistari ya rangi.

3. Mercury Cougar, 1967–1968. Mitambo ni ya Mustang, kwa kawaida kwa bei ndogo. Bodi na urembo ni vyake peke yake, kwa hiyo nunua lililo kamili. Taa za mbele hujificha kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Bomba moja la mpira likipasuka hazitii tena.

4. Dodge Challenger na Plymouth Barracuda, 1970–1974. Mazuri mno, lakini hata mabovu huuzwa ghali. Si ya kujifunzia.

5. AMC Javelin, 1968–1974. Bati jipya ni adimu. Ukilipenda, tafuta la 1970 na kuendelea, lenye boljointi (viungo vya duara vya sapensheni) mbele.

Kwenye ukaguzi wowote beba sumaku dhaifu iliyofungwa kitambaa. Ipitishe nyuma ya matairi na chini ya milango. Inapoanguka kuna puti nene.

Likishafika kwako usikimbilie swichi. Toa plagi zote, dondoshea mafuta kidogo kila silinda, acha usiku kucha. Shusha tangi umwage petroli ya zamani, ambayo huganda kama vanishi na kuziba kabureta. Mustang ya 1965 au 1966 ibadilishie masta silinda iwe ya vyumba viwili: ile ya awali ina chumba kimoja, na bomba moja likivuja breki zote zinapotea. Kisha zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya krankishafti. Ikimaliza mizunguko miwili bila kukwama, ndipo uunganishe betri.