Mshipi, ndoana na chubwi: ununue nini kwanza ukitaka kuvua Dar

Ukiwa na elfu kumi mfukoni na hamu ya kwenda kuvua, elfu sita ipeleke kwenye mshipi. Inayobaki igawe kati ya ndoana na chambo. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha chambo, usilinunue kabisa, na sababu nitaitoa huko chini.

Nasema hivi kwa sababu wanunuzi wapya ninaokutana nao Kariakoo hufanya kinyume. Mtu anaingia dukani, anavutwa na samaki wa plastiki wenye rangi za kumeremeta, anatoka na watatu, na mshipi anachukua wowote atakaopewa. Samaki wa plastiki ni wa fimbo yenye rili, ile roda ya kuzungushia uzi, au wa kukokotwa nyuma ya boti. Kwa anayevua kwa mkono, amekaa kwenye mtumbwi au juu ya mwamba, ni pambo tu. Mimi naongea na huyu wa mkono.

Mshipi

Namba moja kwangu ni nailoni ya uzi mmoja yenye unene wa milimita 0.60 hadi 0.70. Uzi wa 0.40 humtoa changu au kelea wa kawaida bila shida, ila vidole haviushiki, na samaki mzito akikurupuka unakuchana. Mshipi wa mkono haununuliwi kwa nguvu peke yake, unanunuliwa pia kwa kushikika. Ukipita 0.80 sasa unavua kwa kamba: mkondo unaibeba, na mchana kwenye maji maangavu samaki anaiona.

Namba mbili ni 0.50, kwa anayekaa miambani na kutafuta samaki wadogo wa kitoweo.

Mwisho kabisa naweka uzi wa kusuka, ingawa ndio wa bei kubwa na muuzaji atausifia. Kweli una nguvu kuliko nailoni ya unene huohuo, na kwa kuwa hauvutiki, samaki akigusa tu unasikia. Kwenye rili ni mali. Mkononi ni wembe.

Zaidi ya unene, uliza mshipi umekaa wapi. Mwaka juzi nilinunua wangu kwenye duka moja ambako bunda zilikuwa zimening'inizwa mlangoni, jua la saa nane likizipiga. Bei ilikuwa tamu. Tukiwa nje ya Mjimwema, kolekole akashika, nikamsikia uzito wake, kisha mkono ukawa mwepesi. Mshipi ulikatika juu, mbali na fundo na mbali na mwamba. Mzee niliyekuwa naye akauchukua uliobaki, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada.

"Huu umeuokota wapi, mwanangu?"

"Nimenunua, mzee."

"Basi umenunua jua."

Tangu siku hiyo sitoi hela kabla ya kujaribu. Fungua kama mita moja, piga fundo moja jepesi katikati, shika pande mbili uvute taratibu. Nailoni nzima hunyooka kwanza, unaisikia ikikataa, ndipo ikatike. Iliyochoka hukatika papo hapo kama tambi kavu. Ukiona pia imepauka na kukwaruza vidole, rudisha. Omba bunda lililoko ndani ya boksi, nyuma ya kaunta. Muuzaji akinuna, jirani yake anauza vilevile.

Ndoana

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Zile za namba tupu hurudi nyuma: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Zikishapita hapo zinaandikwa kwa mkwaju na sifuri, na sasa zinapanda: 1/0, 2/0, 5/0. Kwa changu na kelea mimi hubeba namba 4 hadi namba 1. Kwa chewa na kolekole, 2/0 hadi 5/0. Namba ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kingine, kwa hiyo iangalie kwa macho pia.

Kwa umbo, ya kwanza ni ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Ukiitazama utadhani haiwezi kushika kitu. Samaki akishameza chambo na kuanza kuondoka, ndoana huteleza hadi pembeni mwa mdomo na kujikita hapo. Sharti lake ni usiivute kwa nguvu ghafla. Acha samaki aende, wewe kaza tu mshipi. Waliozoea ndoana za kawaida miaka mingi hupata taabu hapa, nami nilipoteza changu wengi kwa kiherehere kabla mkono haujatulia. Ndoana ya kawaida naiweka ya pili: ni rahisi kupatikana na inafaa kwa samaki wadogo, ila chewa huimeza hadi tumboni na kuitoa ni kazi ya kisu.

Jaribu ukali kwa ukucha. Weka ncha juu ya ukucha wa gumba, ivute kidogo bila kuikandamiza. Ikichora, nunua. Ikiteleza, hata samaki itamteleza. Za chuma kisichoshika kutu sizipendi. Mshipi ukikatika, ndoana ya kawaida itaoza, hiyo itabaki mdomoni mwa samaki.

Nguru na mzia wana meno ya kukata nailoni, kwa hao ongeza kipande cha waya mbele ya ndoana.

Chubwi

Kiswahili kimeipa jina moja ile ya kwenye bunduki na ile ya kuzamisha chambo: zote risasi. Kama chubwi, risasi haina mpinzani. Ni nzito mara 11 na zaidi kuliko maji, wakati chuma hakifiki mara 8, kwa hiyo kwa uzito uleule chubwi la chuma ni kubwa zaidi na mkondo hulisukuma zaidi. Tofauti hiyo utaihisi wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo kukimbia. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, yakiingia, karibu chochote kinafaa.

Hata hivyo sikushauri uanze kuyeyusha risasi ya betri chakavu uani. Inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linaiweza, na hapo ndipo hatari ilipo: moshi na vumbi lake ni sumu, na mtoto hudhurika haraka kuliko mtu mzima. Nenda kwa fundi gereji, mwombe plagi kuukuu za injini, ndizo ziwe chubwi lako. Mara nyingi atakupa bure. Funga mbili au tatu pamoja mkondo ukiwa mkali.

Lifunge chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa mwambani, uzi huo utakatika, nawe utarudi na mshipi, ndoana, na pengine samaki.

Chambo, na mahali pa kukitupa

Ngisi kwanza, kwa sababu nyama yake ngumu haichomoki upesi. Kamba pili, ananukia vizuri ila samaki wadogo humdonoa akaisha. Kibua wa kukatwa vipande ni wa tatu, naye ndiye ninayemchukua chewa wakiwa karibu. Nunua soko la samaki la Feri alfajiri, siku ileile ya kuvua.

Usibebe vifaa hivi kwenda visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini wala Fungu Yasini. Hayo ni maeneo tengefu tangu 1975, kuvua hairuhusiwi. Ukirudi nyumbani, suuza mshipi kwa maji ya bomba, uuanike kivulini.