Uzoefu wangu: meli iliondoka Cozumel na watoto, wazazi wakabaki gatini

Kampuni ya meli naipa nyota 3 kati ya 5. Naandika kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunaoishi huku Marekani siku hizi tunapanda meli za kitalii ukoo mzima, vyumba viwili vitatu, bibi, shangazi na watoto, na wakati wa kulipia hakuna anayeuliza itakuwaje meli ikiondoka na watoto huku wazazi wao wako nchi kavu.

Safari yetu ilikuwa fupi, wakati wa kiangazi, kutoka Tampa, Florida, hadi kisiwa cha Cozumel nchini Mexico na kurudi. Kaka yangu na wifi yangu walikuwa chumba kimoja na watoto wao, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 5. Mimi nilikuwa chumba cha jirani. Siku ya Cozumel wazazi walitaka kuona magofu ya Wamaya ya Tulum, ambayo yako bara, ng'ambo ya maji. Watoto wakagoma. Walitaka bwawa na mitelezo yao. Kampuni inaruhusu mzazi kumwacha mtoto kwenye klabu ya watoto na kushuka, na siku za bandari klabu hufunguliwa asubuhi mapema kwa ajili hiyo hiyo. Wakawaandikisha, wakashuka. Mimi nilibaki melini.

Sasa sikilizeni habari ya saa, maana kila kitu kilianzia hapo. Meli yetu ilibaki na saa ya Florida safari nzima. Kiangazi Florida husogeza saa mbele kwa saa moja, lakini jimbo la Quintana Roo, ambako Cozumel ipo, halifanyi hivyo tangu mwaka 2015, kwa hiyo miezi hiyo liko nyuma ya Florida kwa saa moja. Simu ikishashika mtandao wa Mexico inajirekebisha yenyewe bila kukuambia. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi na moja jioni, na abiria wote walitakiwa wawe ndani saa kumi na nusu. Kaka na wifi walipanda boti ya kurudi kutoka Playa del Carmen, mji wa bara ulio mkabala na Cozumel, simu zao zikionyesha saa tisa kamili alasiri. Kwa hesabu yao walikuwa na muda tele: boti inachukua kama dakika 45, kisha teksi mpaka gati la meli, ambalo liko kusini mwa mji. Kwa saa ya meli, walikuwa wameng'oa nanga Playa saa kumi.

Safari ya Tulum walikuwa wameinunua nje, kwa wakala wa mtaani, kwa sababu ilikuwa nafuu. Kundi la meli lililokwenda Tulum siku hiyo hiyo lilirudi mapema, maana kiongozi wao alikuwa anafuata saa ya meli. Hata lingechelewa, kundi lililonunua safari kwa kampuni husubiriwa, au kampuni hubeba gharama ya kuwafikisha bandari inayofuata. Aliyenunua nje hana ahadi hiyo. Hili liko kwenye masharti na sina ugomvi nalo, ila natamani lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kuandikisha watoto klabuni.

Saa kumi na nusu ilipopita niliwasikia wakitaja majina ya kaka na wifi kwenye spika. Kila abiria anaposhuka au kupanda kadi yake husomwa, kwa hiyo wanajua ni nani hayumo. Baadaye kidogo simu ya chumbani ikalia: mapokezi, wananiuliza kama najua kaka yangu yuko wapi. Nikaenda chumbani kwao, nikamkuta ofisa wa usalama na mhudumu wa chumba mlangoni. Ofisa alifungua sefu kwa ufunguo wao, akatoa pasi mbili za wazazi, akazisoma kwa sauti jina kwa jina, akanionyesha, akazitia kwenye bahasha ya kahawia, akaandika juu yake namba ya chumba. Pasi za watoto akazirudisha sefuni. Bahasha ikakimbizwa chini kwa wakala wa kampuni pale bandarini kabla ngazi haijatolewa. Yote hayo hayakufika dakika kumi. Nyota moja nzima ni ya bahasha ile, kwa sababu bila pasi wasingeweza kupanda ndege.

Nikamwuliza ofisa, "Kuna watoto wawili humu, hamwezi kusubiri?" Akanijibu kwa upole kwamba watoto wako salama na meli haitasubiri. Nilikasirika wakati ule. Baadaye nimeelewa: gati hukodiwa kwa saa, rubani wa bandari ana ratiba yake, na kila dakika inayopotea inafidiwa kwa kwenda mbio na kuchoma mafuta zaidi. Machi 2024 meli moja iliwaacha abiria 8 kisiwani São Tomé, Afrika, wakahangaika nchi baada ya nchi kuifukuzia mpaka wakaipata Dakar, Senegal. Kuwa na watoto melini hakubadilishi hesabu hiyo.

Kisichosameheka kwangu ni kilichotokea juu kwenye sitaha. Watu walikuwa wamejipanga kwenye reli wanangoja wachelewaji kama wanaongoja mechi. Kaka na wifi walipotokea wakikimbia gatini, kamba zimeshafunguliwa, watu wakapiga makofi, wakapiga mbinja, wakarekodi. Wifi yangu alikuwa ameshika viatu mkononi. Alikuwa anaita majina ya watoto wake. Nilipaza sauti kwamba wana watoto humu ndani. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alishusha simu yake, wengine waliendelea. Mfanyakazi aliyekuwa hapo na spika ya muziki hakuupunguza hata kidogo. Kampuni inaweza kuzuia jambo hili, wala halihitaji gharama.

Nikakimbilia klabuni kuwachukua watoto. Wakakataa kunipa. Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya watu wanaoruhusiwa. Wazazi walijiandika wao wawili tu, maana fomu kwenye programu ya simu ilishajaza majina ya watu wa chumba chao na hakuna aliyewaambia kwamba shangazi wa chumba cha pili hahesabiki. Niseme wazi: kukataa kwao kulikuwa sahihi. Sitaki klabu inayomkabidhi mtoto mtu yeyote anayekuja akilia na kusema "mimi shangazi yao." Msimamizi wa klabu aliniletea kiti nikae mahali ambapo watoto wananiona kupitia kioo, akampigia wakala kule gatini, akaongea na wifi yangu mwenyewe, akamwuliza neno la siri waliloweka siku ya kwanza na maswali mengine, ndipo akaandika jina langu. Ilichukua muda mrefu, lakini hakunipandishia sauti hata mara moja. Kisha akapiga magoti mbele ya binti, akamwambia ukweli kwa maneno ya mtoto: baba na mama wamechelewa, wako salama, watapanda ndege, mtawakuta Florida. Nyota ya pili ni yake.

Usiku nikapewa kadi ya chumba chao nikalale nao. Hapo ndipo tulipogundua kwamba inhela ya pumu ya yule mdogo ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake, Cozumel. Zahanati ya meli ilikubali kumwona, lakini daktari alihitaji idhini ya mzazi kwa maandishi. Kaka aliituma kwa barua pepe kutoka hotelini. Inhela ikatolewa, bili ikaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na haikuwa ndogo.

Nyota ya tatu ni ya mhudumu wa meza yetu, kijana wa Mombasa. Siku ya pili, meli ikiwa baharini mchana kutwa, alitusogezea meza pembeni mbali na macho ya watu, akamwambia yule mdogo, "Bwana mkubwa, leo wewe ndiye baba wa meza, niambie shangazi atakula nini." Mtoto alikuwa hajala tangu asubuhi. Alikula.

Kule nchi kavu wakala alifika na bahasha, akawatafutia hoteli, kisha asubuhi akawapeleka uhamiaji wakagongewa karatasi za kutokea, maana waliingia Mexico kama abiria wa meli. Hoteli, teksi na tiketi walilipa wenyewe. Bima yao ya safari ilikataa dai. Walifika Tampa kabla yetu.

Kwenye ukaguzi wa Marekani ofisa aliniuliza barua ya wazazi ya kuniruhusu kusafiri na watoto. Sikuwa nayo, nani angeiwaza wakati tumepanda wote pamoja? Alimwuliza binti mimi ni nani, akapiga simu nje, wazazi wakathibitishwa pale pale langoni, tukapita. Lakini barua hiyo mamlaka za mipaka huishauri kwa mtoto anayevuka bila wazazi, na kama kaka angekuwa bado amekwama Mexico sijui tungekaa pale saa ngapi.

Nyota mbili walizokosa ni hizi: fomu ya klabu iliyoacha ndugu nje bila onyo, na makofi ya pale sitahani. Nimewaandikia juu ya yote mawili. Kuhusu fomu wamenijibu kwamba jina la mtu mzima wa chumba kingine linaweza kuongezwa kwenye dawati la klabu siku ya kupanda, mzazi akiwepo na kitambulisho. Basi nanyi mwende dawatini siku hiyo hiyo, mkiwa na barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili, na dawa za mtoto zibaki chumbani kwake. Kuhusu makofi bado hawajanijibu.