Seti ya kupimia madini: kigae nakisifu, chupa ya asidi hapana

Miezi minne sasa naitumia hapa Geita. Nililipa shilingi 95,000. Ndani mna kalamu za kukwaruzia jiwe ili kujua ugumu wake, kuanzia 2 hadi 9 za kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), sumaku, lenzi ya kukuza mara 10, kigae cheupe kisichong'arishwa na chupa ya asidi hafifu ya hidrokloriki.

Kigae peke yake kimerudisha hela yangu. Kijana mmoja wa shimoni kwetu alileta jiwe linalometameta manjano, keshaanza kupiga hesabu ya mabati. Nikalisugua kwenye kigae nione rangi ya unga wake: unga mweusi wenye ukijani. Pairaiti hiyo, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu. Dhahabu huacha mstari wa manjano kama yenyewe, na ukiigonga kwa nyundo hutandazika, wakati pairaiti husagika. Iliniuma kumwambia, lakini afadhali aambiwe na mimi kuliko na mnunuzi. Mawe yenye ugumu kupita 7 usiyapeleke kwenye kigae, yatakikwaruza tu bila kuacha unga.

Sumaku ina nguvu, magnetiti (madini ya chuma) inairukia. Kalamu ni nzuri, ingawa ya 7 imeisha ncha mapema.

Tatizo ni kifuniko cha asidi. Kilivuja, begi langu likatoboka. Asidi yenyewe haina shida: kwenye kalsaiti (madini ya mawe ya chokaa) povu linatoka papo hapo, dolomaiti, inayofanana nayo, mpaka uisage kwanza. Siibebi tena shimoni. Imebaki nyumbani, juu kabisa, watoto wasiifikie, na naigusa nikiwa nimevaa miwani na glavu.